Fedha za shule za umma za Detroit zilikwenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila shule za Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, zinapotajwa, maswali huwa yaleyale: nani aliiba, deni lilitoka wapi, na walimu waligoma kwa nini. Majibu yafuatayo yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye utata. Mwenye haraka anaweza kuanzia swali la 6, ambalo huulizwa kuliko yote na hujibiwa vibaya kuliko yote.

## Mambo ya msingi

1. Shule za umma za Detroit huendeshwa na nani?

Marekani haina wizara moja inayoajiri walimu wa nchi nzima na kuwapangia vituo. Kila eneo lina mamlaka yake ya shule, na kwa kawaida mamlaka hiyo huwa na bodi iliyochaguliwa na wapiga kura, bajeti yake, wafanyakazi wake na uwezo wa kukopa kwa jina lake. Mamlaka ya shule za Detroit si idara ya halmashauri ya jiji: ina hazina yake na madeni yake. Aliye juu yake ni serikali ya jimbo, ambayo hutunga sheria za elimu na, kama tutakavyoona, inaweza kuichukua mamlaka nzima mikononi mwake.

2. Fedha za kuendeshea shule hutoka wapi?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ilitoka katika kodi ya majengo ya eneo husika. Mwaka 1994 wapiga kura wa Michigan walikubali mabadiliko yanayojulikana kama Pendekezo A: kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, kodi ya majengo ya shule ikapunguzwa, na jimbo likaanza kutoa kiasi maalumu kwa kila mwanafunzi. Detroit ilibakiwa na kodi ya uendeshaji ya dola 18 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, lakini nyumba ambayo mwenyewe anaishi imesamehewa, hivyo mzigo huangukia biashara, nyumba za kupangisha na mali nyingine.

Msomaji wa Tanzania anayeijua ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, au wa Kenya aliyezoea mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari, ataitambua hesabu hii mara moja. Tofauti ni kwamba huku kwetu mshahara wa mwalimu hulipwa kando na serikali, ilhali Detroit karibu kila kitu, kuanzia mshahara hadi kupasha joto madarasa, hutegemea fungu hilohilo linalomfuata mtoto.

3. Jiji la Detroit lilifilisika mwaka 2013. Je, hilo ndilo lililoziangusha shule?

Hapana. Jiji liliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Julai 2013, lakini shule hazikuwa sehemu ya shauri lile na madeni yao hayakufutwa wala kupunguzwa humo. Ukweli ni kwamba hali ya shule ilikuwa imeharibika miaka kadhaa kabla. Mkanganyiko huongezeka kwa sababu Steven Rhodes, jaji aliyesikiliza shauri la jiji, baada ya kustaafu aliteuliwa Machi 2016 kusimamia shule.

## Deni na wizi

4. Deni lilikuwa kiasi gani?

Jibu hutegemea unahesabu nini, na ndiyo maana magazeti hutaja tarakimu zinazopishana. Mwanzoni mwa 2016, ukijumlisha hatifungani za majengo, mikopo ya uendeshaji na malimbikizo ya pensheni, jumla ilifika kiasi cha dola bilioni 3.5. Ukitazama nakisi ya uendeshaji peke yake, yaani matumizi ya kila siku yaliyozidi mapato mwaka baada ya mwaka, ilikuwa kiasi cha dola milioni 515.

Tarakimu ya kukumbuka ni ndogo kuliko zote hizo. Kulipia madeni ya nyuma kulikuwa kunakula takriban dola 1,100 kwa kila mwanafunzi, kati ya dola 7,400 hivi ambazo jimbo lilitoa. Mtoto wa Detroit aliingia darasani akiwa tayari amekatwa karibu asilimia 15 ya fungu lake, kulipia matumizi yaliyofanyika wengine wao hawajazaliwa.

5. Wanafunzi wakipungua, si gharama nazo hupungua? Nakisi inatoka wapi?

Mapato hupungua siku ileile mtoto anapoondoka, gharama husubiri. Shule za Detroit zilikuwa na wanafunzi karibu 300,000 katikati ya miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki zaidi ya 160,000, na kufikia mwaka wa masomo wa 2015 na 2016 walikuwa takriban 47,000. Wengine walihama na wazazi wao kwenda vitongojini, wengine walihamia shule za mkataba, ambazo sheria ya Michigan iliziruhusu tangu 1993: hizo hupokea fedha za umma lakini haziko chini ya bodi ya jiji. Leo karibu nusu ya watoto wa Detroit wanaosoma katika shule za umma wamo humo.

Sasa chukua mtaa wenye shule tatu. Watoto 30 wakiondoka kwa mwaka, hawaondoki wote katika darasa moja. Mmoja anatoka darasa la kwanza, wawili la pili, mmoja la tano, katika shule tofauti. Hakuna darasa lililofungwa, hakuna mwalimu aliyepunguzwa, paa ni lilelile na theluji ya Januari ni ileile, lakini zaidi ya dola 220,000 zimekwenda. Uongozi unaweza kuunganisha shule mbili, na mara nyingi ulifanya hivyo. Kati ya 2000 na 2015 karibu shule 200 zilifungwa. Tatizo ni kwamba mzazi ambaye shule ya jirani imefungwa hana sababu ya kuipenda ile ya mbali, na wengi waliamua kuhama kabisa. Kila duru ya kubana matumizi ikawa mwanzo wa duru nyingine ya kupungukiwa.

Pengo lililobaki liliziba kwa mikopo ya muda mfupi, iliyodhaminiwa na fedha ambazo jimbo lilikuwa bado halijazitoa. Ikifika muda wa kulipa na fedha hazipo, mkopo wa muda mfupi uligeuzwa wa muda mrefu. Mshahara wa mwalimu wa mwaka huu ukawa deni la miaka mingi ijayo, pamoja na riba. Hakuna sheria iliyovunjwa katika hilo, na kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote.

6. Kwa hiyo fedha ziliibwa au hazikuibwa?

Ziliibwa, na waliohusika walihukumiwa. Ila wizi hauelezi deni.

Machi 2016 mwendesha mashtaka wa serikali kuu aliwashtaki walimu wakuu 12, waliokuwa kazini na waliokwisha kuondoka, pamoja na afisa mmoja wa makao makuu na mzabuni mmoja. Kwa mujibu wa mashtaka, mzabuni alilipwa kiasi cha dola milioni 2.7 kwa vifaa ambavyo ama havikuletwa kabisa au vililetwa pungufu, na akawarudishia wakubwa wa shule jumla ya dola 908,518. Miaka kadhaa kabla, maafisa wa kitengo cha bima na majanga walitiwa hatiani kwa kupokea mlungula kutokana na mpango wa afya ya wafanyakazi uliogharimu zaidi ya dola milioni 3.

Piga hesabu. Ankara zote hewa za mzabuni yule, kwa zaidi ya miaka kumi, ni sawa na takriban nusu asilimia ya nakisi ya dola milioni 515. Wanaosema "wangeacha kuiba wangekuwa na fedha" wanapendwa kwa sababu hadithi yao ina mwizi mwenye uso. Hata hivyo, si haki kuufanya wizi huo kuwa mdogo machoni pa shule yenyewe: makao makuu yalipopungukiwa yalikopa, ilhali mwalimu wa darasa la tatu aliyepungukiwa karatasi alizinunua kwa mshahara wake.

7. Cha juu kilipitishwaje bila wakaguzi kuona?

Kwa njia ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na ofisi ya ununuzi ataielewa. Mwalimu mkuu alikuwa na fungu dogo la shule na ruhusa ya kuchagua mzabuni aliyekwisha kuidhinishwa. Mzabuni analeta ankara ya viti vya ukumbi, karatasi za kuandikia na vitabu vya ziada. Mwalimu mkuu anatia saini kuthibitisha kwamba mzigo umepokelewa. Makao makuu yanaona ankara ina saini, mzabuni yumo katika orodha, kiasi hakijavuka kikomo, yanalipa. Anayeagiza, anayepokea na anayethibitisha ni mtu mmoja, na hakuna aliyetumwa kwenda stoo kuhesabu viti.

Mgawo ulirudi kwa fedha taslimu, hundi na kadi za zawadi za madukani. Afisa wa makao makuu, aliyesimamia huduma za wanafunzi wenye mahitaji maalumu, alipokea dola 324,785, na sehemu yake ililipwa moja kwa moja kwa mafundi waliotengeneza paa la nyumba yake. Mzabuni aliweka daftari la nani anadai kiasi gani. Kwa miaka yote hiyo hesabu safi kuliko zote katika biashara ile huenda ilikuwa ya mlungula. Mwaka huohuo wa 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 5.

## Nani alikuwa msimamizi

8. Nani alikuwa akiongoza shule wakati deni linakua?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Mwaka 1999, katika uongozi wa Gavana John Engler, bunge la jimbo liliiondoa bodi iliyochaguliwa na kuweka bodi ya kuteuliwa. Wakati huo hesabu za shule zilikuwa na ziada inayotajwa kuwa dola milioni 93, na wapiga kura walikuwa wameshaidhinisha, mwaka 1994, hatifungani za dola bilioni 1.5 za kujenga na kukarabati. Sababu iliyotolewa ilikuwa matokeo mabaya ya masomo na uzembe wa kutumia fedha hizo za ujenzi. Uongozi ule wa kuteuliwa ulipomaliza muda wake, kulikuwa na nakisi ya kiasi cha dola milioni 200.

Bodi iliyochaguliwa ilirudi mwaka 2006. Machi 2009 Gavana Jennifer Granholm alimteua Robert Bobb kuwa msimamizi wa fedha wa dharura. Baada yake wakaja Roy Roberts mwaka 2011, Jack Martin mwaka 2013, na Darnell Earley Januari 2015. Bobb alikuta nakisi ya zaidi ya dola milioni 200. Alipoondoka ilikuwa imepita milioni 300. Ukihesabu tangu 1999 hadi 2016, viongozi wa kuteuliwa waliziongoza shule hizi kwa takriban miaka 14 kati ya 17.

9. Msimamizi wa dharura ana mamlaka gani hasa?

Chini ya sheria ya mwaka 2011 angeweza kubadilisha au kufuta mikataba ya wafanyakazi, kufunga shule, kuuza mali na kuiweka kando bodi iliyochaguliwa. Wapiga kura wa Michigan waliifuta sheria hiyo kwa kura ya maoni Novemba 2012. Mwezi uliofuata bunge lilipitisha nyingine inayofanana nayo, safari hii ikiwa na kifungu cha kutenga fedha, na kwa katiba ya Michigan sheria yenye kifungu cha aina hiyo haiwezi kupelekwa tena kwenye kura ya maoni.

Earley, kabla ya kuletwa Detroit, alikuwa msimamizi wa dharura wa mji wa Flint wakati mji huo ulipobadilisha chanzo chake cha maji Aprili 2014. Sakata la madini ya risasi katika maji ya Flint lilipolipuka, alikuwa ofisini Detroit, naye alijiuzulu Februari 2016.

10. Je, bodi ya kuchaguliwa haina lawama?

Inayo. Kati ya 2006 na 2009 bodi ilishindwa kuwasilisha mpango wa kupunguza nakisi uliotekelezeka, na udhibiti wa malipo ulikuwa dhaifu kiasi kwamba msimamizi alipoingia moja ya hatua zake za kwanza ilikuwa kuwataka wafanyakazi waje wachukue hundi zao wenyewe, mkononi, ili kubaini watumishi hewa. Tofauti iko mahali pengine: mjumbe wa bodi akiharibu, mzazi humpigia kura ya kumwondoa, lakini mteule wa gavana hamjibiki mzazi wa Detroit kwa lolote.

## Walimu na majengo

11. Ni kweli kwamba walimu waliikopesha mamlaka ya shule?

Ni kweli. Mkataba wa Desemba 2009 uliwataka walimu waahirishe dola 10,000 kila mmoja, kwa makato ya dola 250 katika kila malipo, mara 40. Fedha hizo zingerudishwa mwalimu atakapoacha kazi. Wengi walipiga kura ya ndiyo kwa hofu kwamba, wakikataa, mamlaka ingekwenda mahakama ya ufilisi.

12. Kwa nini shule zilifungwa mara kadhaa mwaka 2016?

Sheria ya Michigan inawakataza watumishi wa umma kugoma. Walimu walifanya mgomo baridi: usiku mmoja mamia yao walitoa taarifa kwamba ni wagonjwa, na asubuhi shule zikakosa watu wa kuwasimamia watoto. Januari 20, 2016, zilifungwa shule 88. Malalamiko yao yalihusu majengo, nao walisambaza picha: ukungu ukutani, panya waliokufa, uyoga ulioota ndani. Katika shule ya msingi ya Spain, sakafu ya ukumbi wa michezo ilikuwa imelowa na kujikunja hadi mbao zikasimama kama migongo ya samaki, na ukumbi ukafungwa.

Mgomo wa Mei ulikuwa wa mshahara. Bunge lilikuwa limetoa dola milioni 48.7 za kuziwezesha shule zifike Juni 30, na Rhodes akasema baada ya tarehe hiyo hakutakuwa na fedha. Walioumia ni waliochagua mshahara wa miezi kumi ya kufundisha ugawanywe kwa miezi kumi na miwili: malipo ya Julai na Agosti yalikuwa ya kazi waliyokwisha kuifanya. Mei 2 zilifungwa shule 94 kati ya 97, na kesho yake idadi ikawa karibu ileile.

## Baada ya 2016

13. Dola milioni 617 za jimbo zilifanya nini?

Juni 2016 bunge lilipitisha mpango wa dola milioni 617 wa kugawa mamlaka ya shule mara mbili. Julai 1 ikaanza mamlaka mpya, iliyochukua wanafunzi, walimu na majengo. Ya zamani ikaachiwa deni. Kati ya fedha hizo, dola milioni 467 zilikuwa za deni la uendeshaji na milioni 150 za kuianzishia mamlaka mpya. Bodi ilichaguliwa Novemba 2016, ikaanza kazi Januari 2017 na kumwajiri Nikolai Vitti kuwa mkurugenzi.

Sheria hiyohiyo iliiruhusu Detroit, na Detroit peke yake, kuajiri watu wasio na cheti cha ualimu kufundisha darasani. Wazazi waliuliza kwa nini watoto wao ndio wa kufanyiwa hivyo, na hawakupata jibu la maana.

14. Kesi ya haki ya kusoma ilihusu fedha?

Kwa sehemu. Mwaka 2016 wanafunzi saba waliwashtaki viongozi wa jimbo wakisema wamenyimwa hata uwezo wa kusoma na kuandika, na kwamba aliyeziendesha shule zao kwa miaka mingi ni jimbo lenyewe (tazama swali la 8). Aprili 2020 jopo la mahakama ya rufaa ya shirikisho liliwapa haki kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Kabla uamuzi haujatulia, mwezi Mei, Gavana Gretchen Whitmer alimalizana nao nje ya mahakama, akiahidi kuliomba bunge dola milioni 94.4 kwa ajili ya kusoma na kuandika. Bunge liliziidhinisha mwaka 2023. Mahakama hiyo ya rufaa iliamua kuusikiliza upya uamuzi wa jopo na hivyo kuutengua, kwa hiyo hautumiki kama msingi wa kesi nyingine.

15. Je, mamlaka mpya nayo itazama?

Haikuanza na deni la uendeshaji, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini haikupewa fedha za kutosha kurekebisha majengo iliyorithi. Ilipopokea fedha za serikali kuu za wakati wa korona, zaidi ya dola bilioni 1.2, ilitenga dola milioni 700 kwa ukarabati na ujenzi. Uamuzi wa kuzielekeza kwenye majengo badala ya mishahara ya kudumu ulikuwa wa busara, kwa kuwa fedha za mara moja zikiajiri watu wa kudumu hurudisha ugonjwa ulioelezwa katika swali la 5. Mfumo wa fungu la kila mwanafunzi haujabadilika, na ushindani wa shule za mkataba upo palepale.

16. Mamlaka ya zamani bado ipo?

Baada ya mgawanyo wa 2016 iliendelea kuwepo kisheria. Haikuwa na mwanafunzi, mwalimu wala darasa. Kazi yake ilikuwa kupokea ile kodi ya dola 18 kwa kila 1,000 kutoka kwa wenye maduka, viwanda na nyumba za kupangisha wa Detroit, na kuipeleka kwa wanaodai.